Matoka Matano

Kitendawili. Mlinzi wangu hana rungu, hana mbwa, mvua yake jua lake, na hakuna anayethubutu kumruka. Aliye na jibu alitafune polepole. Hadithi itampitia njiani.

Asubuhi hiyo ya Oktoba ukungu ulikuwa umelala juu ya Mutuini kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nyumba mpya za kukodisha zilikuwa zimemezwa mpaka kwenye paa, na vilele vya mikaratusi vilielea peke yao kama vimesahauliwa na shina. Wangeci, mjane wa Mwaura, alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake la mabati akiipuliza chai. Nyuma yake alisikia mkaza mwanawe, Mwongeli, akisuuza sufuria. Mwanawe mwenyewe, Maina, alikuwa Naivasha kwenye mjengo, na mjukuu, Becky, mtoto wa binti yake, alikuwa amekwenda shule tangu saa kumi na mbili. Ilikuwa asubuhi ambayo mtu hategemei neno.

Ndipo jirani yao Thuo akatoka ndani ya ukungu akiwa na vigingi kwapani na uzi wa fundi mkononi. Alimwamkia Wangeci, akauliza habari za miguu yake, akasifu mvua iliyoanza kunyemelea. Kisha akasema kwamba lori la mawe lingefika Jumamosi, kwani alikuwa anaanza kujenga vyumba vya kupangisha, na angependa kuvuta uzi wake mapema, kutoka itoka hadi itoka, ili kusiwe na maneno. Wangeci akaona ni jambo jema. Wakateremka wote wawili hadi mpakani, yeye mbele na kikombe chake bado mkononi.

Mahali palipokuwa na itoka la kwanza palikuwa na mche wa avokado, umefungwa kwenye kijiti kwa kitambaa chekundu, umemwagiliwa vizuri. Kutoka hapo hadi ukutani pa jiko ardhi yote ilikuwa imelimwa na kupandwa sukuma wiki changa. Itoka hata moja halikuwepo, na Wangeci, kwa ajili ya miguu yake, hakuwa ameteremka huko tangu kiangazi.

Kwa asiyelijua, itoka ni ua la porini lenye kitunguu chini, kikubwa kama ngumi ya mwanamume. Kiangazi hukauka likafanana na takataka. Mvua ikinyesha hutoa maua meupe yenye mistari miekundu, kama kitambaa cha meza ya harusi. Watu wa Mutuini hulipanda mahali ambapo wengine huweka jiwe la serikali, na likishapandwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, haling'olewi. Matano haya yalikuwa yamepandwa na marehemu Mwaura pamoja na baba yake Thuo, walipochoka kugombana. Karatasi ya shamba ingali ina jina la babu yao wote. Mpaka mwingine hawakuwa nao. Na itoka la tano ndilo lililokuwa kwenye kiwiko, pale ambapo mpaka unapinda kulizunguka jiko la Wangeci.

Mwongeli aliwaona wamesimama, akafikiri wanaitazama kazi yake. Akaja akipangusa mikono kwenye leso.

"Zimeshika, Mama," akasema. "Ni zile za kupandikizwa. Miaka mitatu tu zinazaa."

Wangeci akamwuliza yako wapi matoka.

"Yale maua ya vitunguu? Si yalikuwa yamekauka. Nilibadilishana na Muindi wa miche, kule Muthangari. Yeye akanipa hizi mbili." Alisema hivyo kama mtu anayetangaza faida. Kisha akaziona nyuso zao.

Kwao Makueni mpaka ni katani. Katani huichanganyi na ua, itakuchoma kwanza ndipo uulize. Miaka minne alikuwa ameolewa Mutuini, na hakuna aliyewahi kumwambia habari za matoka, kwa sababu watu hawaambiani wanachokijua wote. Hata mimi sijui nani alinifundisha kwamba moto unachoma.

Thuo akaanza kuuzungusha uzi wake kwenye kijiti, mzunguko kwa mzunguko. Akasema hana neno na mtoto wa watu, hakujua. Alipomaliza ndipo akasema lililo zito.

"Mama Maina, mimi nakuamini. Lakini nikijenga kwa kukumbuka, nitakumbuka kwa faida yangu. Hata wewe ni hivyo hivyo. Nitarudi Ijumaa jioni. Yakiwepo, tutayafuata. Yasipokuwepo nitapima kwa hatua za baba yangu, na unakumbuka alivyokuwa na miguu mirefu."

Wote watatu wakaligeukia jiko. Hatua za baba yake Thuo zingeingia mlangoni na kusimama katikati ya mafiga.

Kufikia saa nne, kwenye bomba la maji, ilikuwa inasemwa kwamba Wangeci amemtuma msichana wa Kikamba ale shamba huku yeye ametazama pembeni. Mama mmoja alimpisha kwenye foleni kwa heshima iliyozidi kiasi, akamwambia, "Mama Maina, nasikia siku hizi mmekuwa wakulima wa avokado." Wangeci akajaza mtungi wake nusu, akaondoka. Jioni Maina alipiga simu kutoka Naivasha. Aliposimuliwa akamwuliza mkewe mama anasemaje.

"Hasemi."

"Basi hapo ndipo pabaya," Maina akasema.

*

Alhamisi Mwongeli aliamka kabla ya jogoo, akidhani atatoroka peke yake kwenda kuyatafuta matoka. Alimkuta mama mkwe amekwisha kuvaa sweta ya kanisa, kitambaa kichwani na raba za Becky, ambazo zilimtosha bila soksi. Mwongeli akaomba aende yeye, angetembea haraka, na Mama miguu yake ni ya kuhurumiwa.

"Utayajuaje?"

"Nitayajua, Mama. Si mimi niliyeyang'oa?"

"Wewe unayajua kwa mikono. Mimi nayajua kwa jina. Twende wote."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao hadi Kawangware. Waliposhuka garini pale wakaona ni heri kutembea hadi Muthangari. Walipita katikati ya mahindi yanayochomwa, ya marundo ya mitumba yanayofukuta mvuke wa asubuhi, ya fundi wa viatu aliyeshika misumari kwa midomo kama mtu anayepiga mluzi wa chuma. Kuku mmoja alivuka barabara na magari yakamngoja. Kisha, pasipo mtu kusema hapa ndipo, kelele zikaanza kubaki nyuma. Kuta zikarefuka. Barabara ikawa na kivuli, na chini ya kivuli hicho lami haikuonekana, kwani mijakaranda ilikuwa imeimwagia maua usiku kucha, na dunia yote ya upande huo ikawa ya zambarau.

Wangeci alitembea kama anayetembea ndani ya kitu alichosimuliwa zamani. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba huku kote kulikuwa kahawa, na kwamba wachumaji waliimba kutoka mstari mmoja hadi mwingine bila kuonana. Akatega sikio. Alisikia mashine ya kukata nyasi, na mahali fulani, mbali, mtu akiita mbwa kwa jina la mtu.

"Kitendawili," akasema.

Mwongeli alishtuka hata akakosa hatua. "Tega."

"Nina kanga moja ya zambarau. Nikiivua, matajiri huikanyaga."

Mwongeli akafikiri kwa bidii, kama mtu aliyeahidiwa msamaha akipata. Akataja biringani. Akataja nguo ya askofu. Mwisho akakiri ameshindwa.

"Nipe mji."

"Nakupa Kawangware."

Wangeci akaupima mji huo moyoni. "Nimeupokea. Nilienda Kawangware nikapewa mahindi ya kuchoma, nikagawia watu wote, wewe nikakunyima." Kisha akaelekeza kidole chini, kwenye raba za Becky, zilizokuwa zimejaa maua ya mjakaranda.

*

Muindi alikuwa na miche yake ukingoni mwa barabara, imepangwa ndani ya mikebe ya rangi na mifuko ya maziwa. Alikuwa anainyunyizia maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Akapaza sauti kutoka mbali, "Niaje Mwongeli, leo umekuja na auntie?" Alipoambiwa ni mama mkwe akavua kofia, akaisitiri nyuma ya mgongo kama aliyeiiba.

Yote akayaeleza bila kuficha. Vitunguu vilikuwa vitano. Viwili alikuwa navyo bado, chini ya gunia, na alipolifunua vilikuwa vimetoa pua za kijani. Kimoja alikipanda kwenye geti la nyumba iliyo hapo kona ya pili, kwa yule mama anayeitwa Janice. Viwili alimpa binamu yake Syokau, mwenye hoteli ya chai River Road, aliyetaka ua lisilokufa kwa moshi.

"Lakini shosho," akasema, "hii si kitunguu tu ya kawaida?"

"Mtu aking'oa mlango wako halafu akwambie ni mbao ya kawaida, utamjibu nini?"

Muindi akaiangalia kofia yake. Akavifunga vile viwili kwa gazeti, akaongeza gunia la kubebea, akasema avokado wabaki nazo, atajisikia vibaya zikirudi.

Kwenye geti la Janice walingojeshwa. Askari aliwaonyesha jiwe la kukalia lililokuwa upande wa jua, akapiga simu ndani, akasema kuna watu getini. Wakapita watembezi wa mbwa. Akapita mwuza mayai kwa baiskeli. Itoka walikuwa wameliona tangu walipofika, liko ndani ya geti, karibu na bomba, majani yake yamelala kama masikio ya sungura. Lakini la mtu likiwa ndani ya geti ni la geti.

Janice alikuja akiwa na nguo za mazoezi na jasho la mazoezi, na hakuwa mtu mbaya. Aliangalia gunia, akaangalia mikono ya Mwongeli, akasema polepole kwamba wa kufua walikwisha kupata. "Na shosho naye, kwa umri huu, si angepumzika."

Mwongeli aliona uso unamwaka. Yeye alikuwa amezoea kuomba kazi ya kufua huko, mageti ya Muthangari aliyajua kwa sauti za kufuli zake. Lakini kumleta mama wa watu aambiwe hivyo akiwa na sweta ya kanisa, hilo hakuwa amelipigia hesabu.

Wangeci akasimama, akapangusa sketi. "Sijaja kufua, mwanangu. Nimekuja kumchukua mzee wangu. Huyo hapo karibu na mguu wako."

Janice akatazama chini haraka. Basi akasimuliwa, na kadiri alivyosimuliwa ndivyo alivyosogea, mpaka akawa ametoka nje ya geti lake mwenyewe. Akasema kwamba nyanya yake aliwahi kutaja kitu kama hicho, zamani, yeye akadhani ni hadithi. Akatoa simu, akaomba kumrekodi. Wangeci akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, na badala ya maelezo akatega kitendawili cha mlinzi asiye na rungu wala mbwa. Pamoja na kuwa jibu lilikuwa nyuma yake na masikioni pake, Janice hakuliona.

"Nimeshindwa, shosho."

"Nipe mji."

"Mji gani?"

"Wowote ulio wako."

Janice akaangalia ukuta, akaangalia ghorofa juu ya ukuta, akawaza kwa muda ambao simu ilikuwa bado inarekodi. "Mimi ni mpangaji tu," akasema.

"Basi nipe ua."

Akachimba Mwongeli, kwa mikono. Na Janice mwenyewe ndiye aliyelishikilia gunia.

*

Gari liliwashusha karibu na msikiti wa Koja saa saba, na manyunyu yakawapokea. Wangeci hakuwa amefika katikati ya mji kwa miaka sita. Alisimama kidogo watu wapite, lakini watu hawakuisha, akaelewa kwamba ni yeye anayepaswa kupita. Mwongeli akampa kona ya leso yake aishike. Wakaingia hivyo mjini, wamefungana kwa leso, na gunia la vitunguu vitatu mgongoni.

Kila mmoja alitembea katika mji wake. Wangeci alisema hapa palikuwa na steji ya mabasi ya Murang'a, na hapa palikuwa na Mhindi wa vitambaa aliyekuwa akipima kwa mkono wake mwenyewe, mkono mfupi. Mwongeli alisema hapa sasa ni simu, hapa ni wigi, na hapa ndipo Maina alipoibiwa kofia. Nje ya jengo la Nyaraka watu walikuwa wamejibanza chini ya miavuli wakingojana, kila mmoja akitazama upande ambao wake hatatokea. Mhubiri alikuwa akihubiria njiwa. Mvua ilikuwa imeifanya barabara kioo, na chini ya mji mmoja ukaonekana mwingine, umepinduka, nao una haraka ile ile.

"Kitendawili," Wangeci akasema kwenye kona ya Latema. "Anawaita watu wote safari, yeye haondoki."

Mwongeli hakupata, ingawa mtu mwenyewe alikuwa akilipigia debe gari la Kangundo hatua tatu tu kutoka masikio yao. Akaombwa mji.

"Nakupa River Road."

"River Road si yako kutoa."

"Hata Kawangware haikuwa yangu, Mama, na uliipokea."

Wangeci akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, hakukipanga, na Mwongeli akaogopa kugeuka asije akakifukuza.

Muindi alikuwa amewaambia wakifika waulize kwa maua. Mwongeli alidhani ni mzaha. Lakini alipomsimamisha mzee wa mkokoteni uliosheheni mabomba, mzee hakusita. Wapite maduka ya misumari, wapite wachapishaji wa kadi za harusi, wakiona lojingi yenye mlango wa buluu wainue macho.

Wakainua macho.

Juu ya kelele zote, kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ndani ya mkebe wa rangi ulioandikwa nyeupe, itoka lilikuwa limechanua. Maua yake yalikuwa saba kwenye bua moja, meupe, yenye ile mistari miekundu, yameinama kidogo kuitazama barabara. Manyunyu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ncha zake. Wangeci alikuwa ameyaona maua hayo kila Oktoba ya maisha yake ya ndoa, akipita kwenda kukata nyasi, na hakuwahi kuyainulia kichwa. Sasa alisimama katikati ya River Road na mikokoteni ikamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Syokau aliwapa chai kabla ya kuwauliza shida yao. Aliongea na Mwongeli kwa Kikamba, akimwuliza za nyumbani, nani amezaa, nani amelala. Itoka moja alilitoa mara moja, lilikuwa nyuma kwenye karo na halikuwa limechanua. Walipotaja lile la roshani akakaa chini.

"Mama, mimi nimekaa huku juu miaka miwili watu wakinitafuta chini. Niliandika kibao, kikaibwa. Nikaandika kingine, mvua ikakifuta. Sasa mtu anamwambia mwenzake tukutane kwa maua, na wanakutana. Ukiling'oa hilo, mimi niko wapi?"

Wangeci akakiinua kikombe. Alikunywa chai yake akiangalia chini kupitia vyuma vya roshani. Mwanamke mmoja alikuwa akija kutoka upande wa stesheni na mfuko wa nailoni, na mwanamume mzee, mwenye koti la kijijini, alikuwa akija kutoka upande wa Kirinyaga Road. Hawakuwa wameonana. Kila mmoja alikuja akisukumwa na umati, amepotea waziwazi, mpaka walipofika chini ya roshani wakainua macho. Waliliona ua kwanza. Kisha wakashusha macho wakaonana, na mzee akaupokea mfuko.

"Tutachukua lile la nyuma," Wangeci akasema.

Mwongeli akainama karibu na sikio lake. "Mama, Thuo alisema yote. Tukikosa moja, tumekosa la jikoni."

"Najua ni la wapi."

"Basi?"

"Itoka likishaaminiwa na watu haling'olewi. Sheria hiyo ninaijua mimi. Nikiivunja hapa, kesho nitamsomea Thuo sheria gani?"

Wakarudi Mutuini na manne.

*

Ijumaa jioni jua lilitoka kidogo, jekundu, kama limekuja kushuhudia. Thuo alifika na vigingi vyake. Wanawake watatu wa bombani nao wakafika, mmoja akiomba chumvi, wawili wakimsindikiza wa chumvi. Wakasimama pembeni mwa sukuma wiki.

Wangeci akaeleza mbele yao wote kwamba matoka yamerudi manne, na la tano liko mahali linapofanya kazi. Hakueleza zaidi. Thuo akaangalia gunia, akahesabu kwa macho, akasema haya, manne ni mengi kuliko sufuri. Lakini yapandwe wapi? Hapo ndipo kila mtu alipoiona shida ambayo haikuwa imefikiriwa. Ardhi ilikuwa imelimwa yote. Wangeci alionyesha mahali, Thuo akaonyesha pengine, na kati yao palikuwa na hatua nzima. Walipojaribu itoka la pili tofauti ikaongezeka. Mmoja wa wanawake akaguna.

"Aliyeyang'oa anajua," Thuo akasema. "Aseme yeye."

Mwongeli akavua viatu. Alitembea juu ya udongo wake mwenyewe kama mtu anayetafuta sindano gizani, akapita avokado ya kwanza, akasimama. Hapa, akasema, kwani hapa jembe liligonga jiwe. Thuo akachimba, jiwe likalia. La pili lilikuwa kwenye mzizi wa ua wa michongoma, na mzizi ukaonekana, una jeraha la Agosti. La tatu na la nne akayaonyesha hivyo hivyo. Matoka yakarudi ardhini, na uzi ukavutwa, ukanyooka.

Likabaki la kiwiko.

Wangeci akaonyesha kwa kidole, hatua mbili kutoka ukutani pa jiko. Hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyokumbuka, kama alivyoonywa kwamba angekumbuka. Thuo alikuwa amechoka, jua nalo lilikuwa linakwenda. Akasema kama Mama Maina amesema hapo, basi hata yeye atasema hapo. Akainua kigingi.

Mwongeli alikiangalia kile kigingi kikiwa hewani. Hatua mbili. Pangetosha kuni, pangetosha banda la kuku, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Wale wanawake walikuwa wanamtazama yeye, si kigingi.

"Hapana, Mama," akasema. "Lilikuwa hapa."

Alipiga magoti karibu kabisa na ukuta wa mabati, kiasi cha kiganja. Aliyeomba chumvi akashika mdomo. Wangeci akaona ncha ya paa lake ikiwa imeuvuka mpaka, imening'inia kwa jirani.

"Dada, unajipunja," Thuo akasema.

"Hili sikulichimba kwa jembe, ukuta ulizuia. Nililitoa kwa vidole." Na akaanza kuchimba tena kwa vidole, akizitupa sukuma wiki kando. Alichimba mpaka vifundoni. Kisha mkono ukatulia chini ya udongo, kama mkono uliosalimiwa.

Kitunguu alichokitoa kilikuwa kidogo kuliko yai la kuku, na kilikuwa na pua nyeupe iliyokuwa njiani kuja juu. Mama yake alikuwa ameng'olewa Agosti, naye akabaki.

Thuo akainama, akakigusa kwa kidole kimoja, jinsi mtu anavyomgusa mtoto aliyelala. Akasema kirudishwe kabla hakijapata baridi. Akakipigilia kigingi mahali pale, uzi ukapinda ukalizunguka jiko, na jiko likabaki zima na mafiga yake. Kisha akainua macho kwenye paa.

"Mama Maina, maji ya paa lako yatanidondokea."

"Yatadondoka," Wangeci akakubali.

"Basi nitapanda nduma hapo. Zinapenda maji."

Wanawake wakaondoka. Chumvi waliisahau.

*

Ndani ya jiko moto ulikuwa umeshika. Becky alikuwa ameanza kusinzia na daftari kifuani. Mwongeli alikuwa ananawa udongo kwenye kucha, na hautoki kwa mara moja, udongo wa Mutuini ni mwekundu na una ukaidi. Alisema bila kugeuka:

"Kitendawili."

Wangeci akaacha kukoroga. Miaka minne hakuwa amewahi kutegewa na huyu. "Tega."

"Nilimtoa nyumbani nikidhani ni mgeni. Kumbe mgeni nilikuwa mimi."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Jibu lilikuwa pale nje, kiganja kimoja kutoka ukutani, linasikiliza mvua ikianza. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua. Wangeci akatazama moto, akatazama mabati yake meusi kwa moshi wa miaka, na mafiga matatu yaliyobaki mahali pake, akatikisa kichwa taratibu.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji, Mama."

Kawangware alikuwa nayo, River Road alikuwa nayo. Hakutoa mojawapo. Alisogea kwenye benchi, akamwachia mwenzake upande ulio karibu na moto.

"Nakupa Mutuini," akasema.